Siku Niliyombeba Mama Mukwe

Mke wangu Mama Neema, jambo sana toka huku Kalemie. Mvua hainyamazi, na samaki wa migebuka ni tele sokoni.

Jana mama yako aliteleza kwenye mawe pale wanaposhusha samaki. Mguu ukavimba, akashindwa kuukanyagia. Pikipiki ilituacha barabarani, maana njia ya hospitali ilijaa matope. Nilisimama kando kidogo, kama mukwe anavyopaswa. Mama yako akaniambia, "Papa, nibebe. Heshima tutaikuta mbele." Nikambeba mgongoni kwa haya, watu wakitutazama.

Hospitalini, picha ya mguu ilionyesha kwamba mfupa unaoelekea kidole kidogo umepasuka, ila haukuhama. Yeye alitaka akandwe kwa maji ya moto na mafuta ya mawese. Muuguzi akamwambia, "Hapana, Mama. Ukikandwa, mfupa utasogea. Uache utulie, ndiyo utaunga." Wakamfunga plasta ngumu, wakampa magongo, wakasema akilala mguu ukae juu ya mto.

Tulipotoka, magongo yalizama kwenye matope. Nikawa bado natafuta maneno ya kumuuliza, yeye akasema, "Papa, inama."

Basi usihangaike, anakula vizuri. Nikumbatilie watoto, nawe ulale salama.

Baba Neema