Kinanda cha Kitambaa

Kibokoni, Jumatano, Machi 1996

Na bado Rukia alinisalimu vizuri, kama kwamba hapana neno.

Kinanda cha kikundi chetu cha taarab hakitoki kwa mwalimu. Ndiyo maana nilichora vitufe vyake kwa wino kwenye kipande cha kitambaa cha marikani, nikawa nafanya mazoezi nyumbani bila sauti. Nikisafiri kwenda kwa mama Malindi, nakikunja nakitia kikapuni. Mwezi uliopita binamu yangu Rukia alikuja kukiazima. "Nipe, mwanangu achezee," alisema. Nikampa.

Leo nimemkuta mazoezini amekalia kiti changu mbele ya kinanda.

"Harusi ya Ijumaa atapiga Rukia," mwalimu akasema. "Wewe, Bi Salma, utaitikia na wenzako."

Miaka yote hii, niitikie.

Rukia akaanza kupiga, nikasikiliza. Nilipochora, kitambaa kilinipungukia upande wa kulia, nikavibana vitufe vya mwisho vikawa vyembamba. Mimi nimezoea kukumbuka kasoro hiyo. Rukia alipofika huko, kwenye kinanda cha kweli, alivibana vidole vyake vilevile kama kwenye kitambaa changu, akakosea. Akarudia, akakosea palepale.

Mwalimu hakuelewa kwa nini. Rukia hakuthubutu kunitazama.