Besi Yote Imefutwa Kazi

Shauri Moyo, Nairobi
6 Machi 1983

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu pamoja na za majirani wote wa hapa Shauri Moyo, ambao bado wananiuliza kama umeota mizizi huko Kangundo. Mimi ni mzima, ila mafua kidogo. Natumai wewe na Mama hamjambo, na kwamba shamba limelimwa kabla ya mvua.

Sijui nianzie wapi, basi naanza na habari yenyewe. Besi yote ya kwaya ya kiwanda imefutwa kazi. Ulipofutwa wewe mwezi wa Januari, tulidhani yameisha. Wiki iliyopita tajiri amefunga idara ya rangi, eti rangi ya kutoka ng'ambo imekuwa ghali, na blanketi sasa zitatoka kijivu tu. Unajua mwenyewe nani walikuwa idara ya rangi: Odero na wenzake wote wa sauti ya nne, wale wanaume wa kubeba mapipa. Bwana Andati, afisa wa wafanyakazi, aliwagawia barua mmoja mmoja huku akitazama viatu vyao.

Alhamisi tulikutana kwa mazoezi baada ya kazi kama kawaida. Tukaanza wimbo wako, na pale besi inapoitikia, kimya. Tukatazamana. Teresiah akaanza kucheka, nasi tukacheka naye hadi mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Kwaya hii uliianzisha wewe, na kila Krismasi imepanda jukwaani kwenye mashindano ya ukumbi wa Kaloleni. Sasa wenye sauti wako nje, na sheria ya tajiri ni ile ile, asiye mfanyakazi wake haimbi. Sitaki kuwa mimi niliyeizika kwaya ya baba yangu. Tafadhali njoo utusaidie.

Binti yako,
Mbithe


Kangundo
20 Machi 1983

Kwa Mama yangu Mbithe,

Barua yako imenikuta na jembe mkononi. Sisi ni wazima kabisa. Mama yako anasema kwa mafua chemsha tangawizi na uache soda baridi. Mimi nitaendelea kukuita mama hata unaponiletea matatizo, maana jina la mama yangu ndilo ulilobeba, na yeye pia hakuwa akiniacha nipumzike.

Nairobi siji. Nilisema pale getini kwamba vumbi lake silikanyagi tena, na Odero ni shahidi.

Lakini wimbo wenyewe hauna kosa. Nimekaa na do-re-mi zangu nikaupunguza uwe wa sauti tatu. Wale vijana wa zamu ya usiku wanaoimba sauti ya tatu wana vifua, basi washuke wafanye kazi ya besi. Sauti ya pili ipande kidogo kuziba pengo. Najua Koki atalalamika kwamba ni juu mno. Mwambie hata mbuzi hupanda mwamba akiona majani.

Noti ziko nyuma ya karatasi hii. Usizimwagie chai.

Baba yako,
Muindi


Shauri Moyo, Nairobi
5 Juni 1983

Kwa Baba mpendwa,

Habari za siku nyingi, na za mvua? Mwambie Mama tangawizi ilifanya kazi. Mimi sijambo, ni miguu tu inayouma, na utaona kwa nini.

Wimbo wa sauti tatu ulitoka vizuri ajabu. Mwezi uliopita tuliuimba mbele ya wageni wa tajiri, wakapiga makofi mpaka tukaona haya. Kisha tajiri akasimama, akamwambia Bwana Andati, nasi tukisikia, "Unaona? Mlilia kwamba bila wale wengine kwaya imekufa. Watu wachache, wimbo ule ule. Hata mashine ni hivyo hivyo."

Wiki iliyofuata akafuta zamu yote ya usiku. Sauti ya tatu, Baba, kwaheri.

Sasa naangalia mashine nne za kufuma peke yangu. Uzi ukikatika huku, nakimbilia kule. Blanketi zinatoka na madirisha. Duka moja limerudisha lori zima, na mwenye duka kamwambia tajiri kwamba wateja wake wanataka kujifunika, hawataki kuchungulia. Tajiri mwenyewe siku hizi hali chakula. Mama wa chai anasema sinia linarudi kama lilivyokwenda. Namwonea huruma kidogo, halafu nakumbuka miguu yangu.

Tumebaki wanawake watupu. Tupunguzie tena, iwe sauti mbili. Najua unaweza.

Binti yako,
Mbithe


Kangundo
19 Juni 1983

Kwa Mama yangu Mbithe,

Hatujambo, na mvua haikutunyima. Loweka miguu kwenye maji ya chumvi.

Kupunguza tena, naweza, ila sitaki. Niliposoma hayo maneno ya tajiri nilipandwa na hasira hadi mama yako akanitoa nje nikapasue kuni. Nilidhani naokoa wimbo, kumbe namwonyesha mtu jinsi ya kukata.

Wimbo ule una sauti nne. Odero alifutwa kazi, hakufutwa koo. Vijana wa zamu ya usiku wako hapo hapo mtaani. Liache jina la kiwanda, yaache na yale majoho yake ya kijani, ukaimbe nje na wenzako. Nasema hivi nikijua kwamba tajiri akikuona nao atakufuta nawe, na kodi ya chumba hailipwi kwa nyimbo. Kwa hiyo sikuamuru. Amua mwenyewe. Ukiamua kubaki, mimi bado ni baba yako.

Muindi


Shauri Moyo, Nairobi
16 Oktoba 1983

Kwa Baba mpendwa,

Salamu kwako na kwa Mama, na mnisamehe kwa kimya hiki kirefu. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa naogopa. Kila nikishika kalamu naona sina la kukwambia, maana nilikuwa bado najificha kiwandani. Odero aliponiita kwenye mazoezi aliyoanza na wale waliofutwa, nikawa napita njia ya Gikomba ili nimkwepe.

Basi mwezi wa Agosti tajiri akatufuta wanawake mmoja mmoja, nami wa mwisho, hata bila kuimba. Ameuza mashine zetu, na nusu ya kiwanda sasa ni ghala la magunia ya mtu mwingine. Jioni ile nilitoka getini nikaenda moja kwa moja kwa Odero, bado nimevaa ovaroli. Akanitazama akasema, "Sasa Mbithe. Umechelewa, wenzako wa sauti ya pili wanakungoja." Nikalia na kucheka kwa pamoja.

Baba, tumetimia. Odero anagonga mabati pale karibu na soko, anatengeneza majiko na masanduku ya shule, na jioni mafundi wanatuachia uwanja. Nyundo zikinyamaza sisi tunaanza, sauti zote nne, na watu wanasimama na vikapu vyao kusikiliza. Mimi nashona sare za shule kwa cherehani ya kukodi, na kusema kweli nakula vizuri kuliko zamani. Kaloleni tumejiandikisha kwa jina la Kwaya ya Shauri Moyo. Nina furaha hadi naona aibu.

Kuna jambo moja tu. Bwana Andati naye amefutwa, kwa kuwa hapakubaki watu wa yeye kuwa afisa wao. Alhamisi alikuja akasimama kando ya masanduku, na tai yake shingoni, akasema anaimba besi na jioni hana pa kwenda. Odero akatupa nyundo chini. "Huyu alikuwa mkono wa mdosi, yule tajiri," alisema. "Barua zetu zote zilitoka kwake. Akiingia, mimi natoka, na besi yote natoka nayo."

Besi ikitoka sasa, Krismasi hatuna kwaya. Wote wamekubali uamue wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyetangulia kupewa barua naye.

Binti yako,
Mbithe


Kangundo
23 Oktoba 1983

Kwa Mama yangu Mbithe,

Tumefurahi hapa mpaka mama yako amechinja kuku siku ya kazi. Wote wazima.

Siku Andati aliponipa barua, alilikosea jina langu mara mbili, kisha bahasha ikamwanguka. Nikaiokota mimi. Nikamwambia akae kwenye kiti changu anywe maji, na akanywa. Yeye sikumchukia hata siku moja.

Mwambie Odero namwelewa, na simlazimishi ampende. Lakini sisi sote tuliitwa tukaambiwa nafasi hakuna. Tukianza nasi kuchagua nani abaki na nani aende, tutakuwa tumefungua kiwanda kingine. Andati aingie, asimame kando ya Odero, na hiyo tai aivue.

Kwa vile nimeamua, sharti nije nibebe lawama mwenyewe. Nikimaliza kupanda, nakuja kuwasimamia hadi Krismasi. Odero ana ruhusa ya kunicheka kuhusu lile vumbi. Nitandikie mkeka, ila blanketi ya kiwanda chenu usinipe.

Baba yako,
Muindi


Kangundo
30 Desemba 1983

Kwa Mama yangu Mbithe,

Nimefika salama, na mama yako anashukuru kwa gauni. Anakwenda nalo hata kisimani.

Najua bado mmenuna kwamba kwaya ya mtaa wa Jericho imechukua kikombe. Majaji walisema besi iliharibu, na ni kweli, iliharibu. Lakini ninyi wa mbele mlikuwa mmeipa besi mgongo. Mimi nilikuwa nimewaelekea nyote, na nataka ujue nilichokiona.

Ule ubeti wa mwisho, pale wote mnaponyamaza kabla besi haijaitikia, Andati aliingia mapema. Sauti yake peke yake, kubwa, ukumbi mzima umetulia. Nikaona uso wake unaanguka. Alikuwa ameshaanza kufunga mdomo.

Odero anaujua wimbo ule kunishinda mimi. Alijua kabisa kwamba wakati haujafika. Akamtupia Andati jicho, akavuta pumzi, akaingia naye pale pale kwenye kosa, kwa nguvu zake zote. Kuona hivyo, besi yote ikamfuata, nami sikuwa na la kufanya ila kuwavuta ninyi wengine mbio muwafikie walipo.

Vikombe nimewahi kushika, Mbithe. Hicho sijawahi kukiona. Watu walikuwa mgongoni pangu, nikafuta macho nikijifanya ni jasho.

Usimwulize Odero. Atakwambia alikosea.

Baba yako,
Muindi