Hakuna Hati Mezani Kwangu

3 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mama yako mzima, nami mzima, isipokuwa mgongo wangu ambao kesi zake haziishi. Wewe je, huko mahakamani wanakuachia muda wa kula?

Jana nikisambaza mikate kwa gari la kazini, pikipiki ilichomoka kwenye kona ya shule ikanivaa ubavuni. Kijana wa watu akavunjika mguu. Watu walishaanza kuokota mawe, basi nikampakia katikati ya kreti za mikate nikamkimbiza hospitali. Polisi sijafika. Mama yako anasema niende, tajiri wangu anasema ninyamaze. Msomi wetu ni wewe, Bwana Hakimu. Utakalosema ndilo nitakalofuata.

Baba yako

7 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila barua yako nimeisoma mara tatu.

Usiende kokote kwanza. Mimi ni karani tu, si hakimu, lakini hati zote za kukamata watu wa wilaya hii nazichapa mimi, na jina lako halijapita mezani kwangu. Bila hati hakuna askari wa kukugusa. Wakija, waombe waionyeshe. Na tafadhali usinitaje, baba. Kazini bado wananijaribu.

Mwanao

16 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, kwa mtu anayelala sakafuni mahabusu. Barua hii mama yako ameitoa ndani ya chombo cha chakula.

Walinikuta nanyoa ndevu. Niliomba hati kwa heshima, kama ulivyonielekeza. Wakatazamana. Mkubwa wao, mtu mpole tu, akasema, "Mzee, dereva wa ajali hatumwandikii hati, tunamchukua. Na wewe kosa lako si kugonga, ni kutokuja kuripoti. Ungekuja siku ile ile ungelala kwako."

Akauliza nani alinishauri nikae nyumbani. Nikamwambia nilijishauri mwenyewe. Akasema basi nilipata mshauri mbaya. Nikacheka naye.

Yule kijana amefungwa plasta, anaendelea vizuri. Usikose usingizi.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Sijui hata nikuulizeje hali.

Nimefungua kitabu cha sheria nilichotoka nacho chuoni. Kifungu kipo, tena kifupi. Wanaokamatwa bila hati hawapiti mezani kwangu, nami nikadhani hawapo.

Leo jalada lako limefika. Kesi ni Jumatatu. Nilibisha hodi kwa hakimu nimwambie kwamba aliyekuzuia ni mimi. Aliponitazama, nikamuuliza kama anataka chai.

Jumatatu anayeita majina ni mimi. Nitalisoma lako mbele ya watu, hadi la babu. Ukiitika usinitazame, baba. Au nitazame. Sijui.

Mwanao

22 Machi

Mwanangu,

Mama yako anakusalimu, anasema ule.

Ita kwa sauti, siku hizi sisikii vizuri. Mimi nitakuwa natazama dirishani.

Baba yako