Nilidhani Ndiyo Rangi Yake

Mwenzangu, nimejificha nyuma ya gereji, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama wa mchumba wangu, yule kinyozi, kaja leo kunitazama kama nafaa kuwa mkwe wake. Nikampakia kwenye pikipiki yangu. Katikati ya mlima ikakohoa, ikazimika. Mama kasukuma. KASUKUMA mpaka gereji, na kitenge chake kipya!

Fundi akachomoa chujio la mafuta. "Dada, likishakuwa kahawia hivi linabadilishwa. Limejaa uchafu, mafuta hayapiti. Kwani hukuliona?"

Nikajibu kwa sauti ya mbu: "Nililiona. Nilidhani ndiyo rangi yake. Huwa nalifuta kwa nje kila asubuhi."

Ndiyo rangi yake! Mimi nisiyesema kitu siku zote, leo ndiyo nimesema hilo!

Fundi akainamia spana zake, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mama akanitazama weee, kisha akakaa juu ya tairi akacheka mpaka machozi.

"Mwanangu ana shati lililokuwa jeupe," akasema. "Nikimwambia alifue, ananijibu ndiyo rangi yake. Basi mnafaana. Jumapili uje nyumbani, na hilo chujio kuukuu ulibebe. Nataka niliweke kando ya shati, nione kama atabisha tena."