Majibu ya Vailet

Maisaka, Babati
5 Mei 2025

Mpwa wangu Amira,

Huku wote wazima, ila mimi sina nafasi hata ya kujikuna: bila mjomba wako elimu ya Maisaka nzima ingesimama. Tangu uanze kuwafundisha watoto hesabu bure kwa simu kila Jumamosi, Vailet wa jirani anakuja dukani, tunakaa katikati ya spea za baiskeli. Yeye anafanya kwenye daftari, mimi niliyemaliza kidato cha nne nakuandikia majibu kwa simu. Simu hii haiguswi na mtu mwingine. Ukiibonyeza vibaya inapiga Ulaya. Juzi bwana mmoja mkubwa alisimamisha gari akauliza, "Profesa, unafundisha chuo gani?" Nikamwambia, "Nenda tu, leo nimejaa."

Huko chuoni mnakula lakini?

Mjomba wako,
Shomari

Dodoma
26 Mei 2025

Shikamoo mjomba,

Kifua kimepona? Sisi tunakula, usijali. Vailet ndiye ananisumbua mawazo. Novemba ana mtihani wa kidato cha nne, na katika maswali kumi anapata matatu. Jumamosi ijayo namhamishia kwa wanaoanza. Huko mada za mtihani hatutazifikia mwaka huu, lakini nifanyeje? Mwambie taratibu.

Mpwa wako,
Amira

Maisaka
29 Mei 2025

Amira,

Marahaba. Kifua hiki hata nyati nasukuma. Usimhamishe mtoto wa watu! Ni mtandao. Majibu hapa yanatoka mazima, yakifika Kondoa njiani yanaharibika.

Mjomba

Dodoma
1 Juni 2025

Shikamoo mjomba,

Kondoa wanasingiziwa. Jana nimemhamisha. Mwenyewe anasemaje?

Amira

Maisaka
23 Juni 2025

Mpwa wangu,

Nisamehe kimya. Vailet haji tena. Mama yake, Mektilda, anasema mtoto kafunga daftari: hana akili, bora ashone nguo.

Jana nililiomba lile daftari, nikalilinganisha na masahihisho yako. Nimekupigia picha kurasa zote, kagua. Mtoto alikuwa anapata. Mimi ndiye nilikuwa namrekebisha wakati wa kuandika. Hasi mara hasi aliweka chanya. Nikasema baya mara baya haliwezi kuwa zuri, nikabadilisha. Akaniitikia tu, "Sawa, Baba Shadya."

Nimemweleza mbele ya mama yake. Simu atashika mwenyewe. Mrudishe kwa wenzake.

Na ile habari ya mimi kumaliza kidato cha nne, Amira, niliishia darasa la tano. Nafasi yake kule kwa wanaoanza usimpe mtu. Niandike mimi.

Mjomba wako,
Shomari