Mwaka Mmoja Bila Hakitupwi na Kopo Lake la Sabuni

Ni mwaka mmoja sasa tangu uweke mkasi chini, Baba, ukatuachia cherehani, utepe wa kupimia na jina lako la mtaani, Hakitupwi.

Tuanze na habari njema: nyumba imesimama. Mimi mwanao wa kwanza, uliyeniita Uzi kwa urefu na wembamba, nimeiendesha mwaka mzima kwa akili zangu mwenyewe. Vile vitimbi vyako vya kubana matumizi nimeviweka kando. Lile kopo lako la vipande vya sabuni, lililonitia aibu mbele za watu, nililitupa wiki ile ile tuliyokuzika. Na tangu siku hiyo sijatoa chozi hata moja. Anayebisha na aulize.

Wapo watakaosoma karatasi hii tutakayoibandika mlangoni pa chumba chako cha kushonea bila kuwahi kukujua, kwa hiyo nitayataja hata yale unayoyajua. Vumilia.

Ulikuwa fundi wa nguo kuukuu. Wenzako walishona suti za maharusi. Wewe uliletewa zipu zilizogoma, suruali zilizopasuka mahali pasipotajika, na mashati yaliyochakaa kola. Kola uliifumua, ukaigeuza upande mzuri ukaja juu, ukaishona tena, na mwenye shati akatoka hapa anatembea kama katoka dukani. "Shati lina maisha mawili," ulikuwa unasema. "Ukilitupa baada ya moja, umeliua."

Mama alipotangulia, Kifungo, kitindamimba wetu, alikuwa hajaota hata jino. Wakaja washauri, eti mwanaume hawezi nyumba. Ukawasikiliza wote kwa adabu, ukawasindikiza mpaka njiani, kisha ukajifunga kitambaa kiunoni ukaingia jikoni. Wali wa kwanza uliungua chini na kubaki mbichi juu. Tulishakusamehe. Baada ya mwezi ulikuwa unajua kulilaza jiko kwa majivu ili makaa ya chakula cha mchana yachemshe na maji ya kuoga, na mrija wa dawa ya meno ulikuwa unaupasua kwa mkasi wa kazini, tukaishi humo siku nne zaidi.

Majina yetu pia uliyatoa kwenye boksi la kazi. Mimi Uzi. Mdogo wangu Sindano, kwa ulimi. Na Kifungo, kwa sababu alimeza kimoja akiwa na miaka miwili, nawe ukakaa siku mbili ukikingoja kitoke, maana kilikuwa cha mteja.

Sasa hilo kopo. Kila sabuni iliyokonda hadi ikawa kama ukucha, ya kufulia au ya kuogea, ya kijani, ya waridi, nyeupe, uliitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Kopo likijaa, maji kidogo, moto wa makaa yanayokufa, unakoroga kwa kijiti, unashindilia kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Kesho yake sabuni mpya imezaliwa, ya madoadoa, inanukia kila kitu kwa wakati mmoja.

"Baba, hii sabuni ina ukoo mkubwa kuliko wetu."

"Oga, Uzi. Nimekupa sabuni, sijakupa kitabu cha historia."

Nilipokwenda kusoma bweni ulinifungia miche miwili ya sabuni hiyo. Nikaificha ndani ya soksi. Jirani yangu wa kitanda akaivumbua, akainyanyua mbele ya watu. "Jamani, sabuni ya huyu imeugua ndui!" Bweni zima likavunjika mbavu. Mwisho wa muhula sabuni zao nzuri zilipokwisha, walipanga foleni kitandani kwangu, na huyo bwana ndui ndiye aliyekuwa wa kwanza. Sikukusimulia hilo. Ungevimba kichwa.

Siku ya tatu baada ya mazishi, dada yako mkubwa, Shangazi, alituita sebuleni tukakaa kwenye mkeka. Alikuwa hajavua hata viatu.

"Kifungo naondoka naye," akasema. "Sindano ataenda kwa mjomba wake. Wewe Uzi ni mwanaume, utajua pa kujishikiza."

Kifungo hakulia. Alinishika mguu wa suruali, akaukunja mkononi mwake taratibu kama anayekunja utepe.

"Shangazi, tupe mwaka," nikasema. Sijui niliutoa wapi huo ujasiri.

"Mwaka wa kufanya nini?"

"Wa kukuonyesha."

"Unionyeshe nini, mwanangu? Hata kitanda chako hujui kutandika."

"Mwaka mmoja tu. Ukija ukakuta hatujiwezi, mchukue. Nitambebea begi mimi mwenyewe."

Akanitazama juu mpaka chini, safari ndefu kwa mtu wa kimo changu. "Haya. Nitakuja siku ya kumbukumbu, na begi tupu. Nikikuta mtoto mchafu, au kachanika, au analala njaa, litaondoka limejaa. Sitauliza mara mbili."

Basi nikakaa kwenye kiti chako, nikashika cherehani yako na usukani wa nyumba. Nilijiona mtu wa kisasa. Wiki za mwanzo nilinunua vitu kama bwana harusi: sabuni nzima nzima, mafuta chupa kubwa, dawa ya meno naikamua katikati kwa raha zangu. Sindano alikuwa ananiangalia tu, kakunja mikono.

"Kaka, mwezi huu tumekula vizuri sana."

"Asante."

"Tatizo mwezi wenyewe haujaisha."

Nikafungua kabati. Likanijibu kwa mwangwi. Siku kumi zilizofuata tulikula uji wa chumvi asubuhi na jioni, na Kifungo alikuwa anakung'uta kopo la sukari akitumaini. Ndipo nikaona begi la Shangazi, Baba. Liko mbali huko, lakini nililiona waziwazi, mdomo wazi.

Kuanzia hapo Sindano alichukua ufunguo wa kabati na mimi nikachukua adabu. Makaa tukarudi kuyalaza. Mrija wa dawa ya meno nikaupasua kwa mkasi wako, kwa siri kwanza, halafu bila siri.

Shuka ndilo lililonimaliza. Lile kubwa wanalolalia wadogo zangu lilikwisha katikati. Sindano alilitandaza dirishani akasema, "Namuona jirani yule, na namuona anapika nini." Nikamwambia atulie, kazi hii naijua, nimekuona ukiifanya mara ngapi: unalipasua shuka katikati kwa urefu, zile pande nzima za pembeni unazileta zikutane katikati, palipochakaa panakwenda pembeni. Nikapasua. Nikashona mshono mnyoofu, mzuri, wa kujipiga kifua. Nikawatandikia mimi mwenyewe. Kifungo akajitupa kitandani, mguu ukatokea upande wa pili.

Sindano akainama akakagua.

"Kaka. Umelipasua shuka."

"Ndiyo."

"Halafu umelirudishia pale pale palipochanika."

Nikainua shuka, nikachungulia.

"Yaani ni shuka lile lile. Umelipunguza upana tu, likawa jembamba kama wewe."

Tulicheka, Baba. Tulicheka mpaka Kifungo akaanguka kitandani, na ndicho kilikuwa kicheko cha kwanza ndani ya nyumba hii tangu utuache. Nikafumua mshono wote kwa wembe, nikashona upya, safari hii nzima kwa nzima. Mshono ukasimama katikati kama zamani, na ugomvi nao ukarudi kama zamani: "Mguu wako umevuka mpaka! Rudi kwako!" Sikuwanyamazisha. Nilikuwa nimeukumbuka.

Halafu ikaja sare ya Kifungo. Amerefuka ghafla, inaelekea anataka kunirithi. Gauni likapanda, magoti yakawa nje, na mwalimu akampa wiki moja. Kitambaa kipya hakikuwezekana. Na wiki hiyo hiyo ujumbe wa Shangazi ukafika: anakuja, yuko njiani kifikra tayari.

Nikalipindua gauni mezani nione kama pindo lina chochote cha kushusha. Lilikuwa nene ajabu. Nikafumua uzi mweupe, pindo likashuka vidole vitatu. Ndani yake kulikuwa na pindo jingine, limeshonwa kwa uzi wa buluu. Nikapapasa. Ndani ya hilo, jingine, la uzi mwekundu.

Nikakumbuka. Miezi yako ya mwisho, ulipokuwa hushuki kitandani, uliomba gauni hilo na sindano ya mkono. Nilikutania. "Baba, hilo ni gauni au godoro?"

"Anakua huyu," ukasema, wala hukuinua macho.

Mwaka wa kwanza, mweupe. Wa pili, buluu. Wa tatu, mwekundu. Nilimwita Sindano, nikamwonyesha kwa kidole. Kifungo akavaa, akazunguka mara mbili. Gauni lilifika chini ya magoti kabisa, na pale pindo la zamani lilipokuwa pana mstari wa rangi iliyokolea. Anauita mstari wake wa kwanza. Anasema akimaliza shule atakuwa nayo mitatu, kama afisa.

Jana Shangazi alifika. Begi tupu akaliweka mlangoni, zipu wazi. Alipitisha kidole juu ya fremu ya dirisha, akakitazama. Akafungua kabati, akakuta unga, maharage, na Sindano kasimama na ufunguo kama askari jela. Akainua blanketi, akaufuata ule mshono wa shuka kwa ncha ya kidole kutoka juu mpaka chini. Akamwita Kifungo, akamgeuza, akalipindua pindo la gauni. Akaona buluu. Akaona nyekundu. Alilishika muda mrefu kuliko inavyohitajika kukagua pindo.

"Hii si kazi yako, Uzi."

"Hapana, Shangazi. Mimi nimefumua tu."

"Asubuhi nitasema," akasema.

Asubuhi yenyewe ndiyo hii. Shangazi ameomba maji baridi ya kuoga, nasi watatu tumekaa kwenye meza ya cherehani tunakuandikia. Kifungo kavaa sare ingawa leo hakuna shule. Hakuna anayelitazama begi, na hakuna anayetazama kingine. Nilikuwa nimefika mahali pa kuandika majina wakati mlango wa bafu ulipofunguliwa.

Shangazi ametoka kajifunga taulo kichwani. Mkononi kashika kitu.

"Nani katengeneza hii?"

Ni sabuni. Ina madoa ya kijani, ya waridi na meupe, na chini ina alama ya kikombe.

Nimeangalia dari. Sindano amenyoosha kidole kwangu. Kifungo amenyoosha viwili.

"Anaitengeneza kila kopo likijaa," akasema Kifungo. "Kopo liko chini ya kitanda chake. Hataki tuliguse, anasema tutakoroga vibaya."

"Lakini hapa," Shangazi akasema, kasogea, kashika karatasi hii, "hapa si umeandika ulilitupa?"

"Nililitupa, Shangazi."

"Alilitupa asubuhi," akasema Sindano, "akaenda kulichukua jalalani kabla ya mchana. Akanirushia sabuni mpya akasema hii niitumie mimi, yeye anaoga na ya Baba."

Shangazi aliinusa sabuni. Aliinusa kama mtu anayesoma barua. "Tulipokuwa wadogo," akatuambia, "mama yetu alikuwa anafanya hivi hivi, na baba yenu ndiye aliyekuwa mkorogaji. Kumbe hakuacha." Akaliendea begi, akaliinua. Kifungo akaacha kupumua, nikamsikia.

"Nikatieni kipande," Shangazi akasema. "Sitarudi mikono mitupu."

Nimeikata kwa mkasi wako, Baba, samahani. Kipande kimoja cha sabuni, ndicho kilichomo ndani ya begi lile, na zipu imefungwa. Sindano amepiga vigelegele mpaka jirani amechungulia. Kifungo amelikumbatia tumbo la Shangazi, mikono haikuzunguka. Tunabaki, Baba. Wote watatu, nyumba moja, shuka lenye mpaka, mapindo mawili ya akiba.

Nimetaka kuyafuta yale ya mwanzo kuhusu kopo. Wamenikatalia. Sindano anasema karatasi ni nzuri bado, haitupwi.

Wanaokukumbuka: dada yako mkubwa, mwenye begi, binti yako Sindano, mwenye ufunguo, binti yako Kifungo, mwenye mstari mmoja, na mwanao Uzi, kwenye kiti chako. Kila tutakapogeuza kola, kila tutakaposhusha pindo, kila kopo litakapojaa, tutakukumbuka, daima.

Mwandiko huu wa chini ni wa Kifungo. Baba, Kaka ameandika hajatoa chozi hata moja, lakini sasa hivi karatasi imelowa hapa kwenye jina lako na wino umesambaa. Nimemuuliza. Anasema ni moshi wa jiko. Jiko bado hatujaliwasha.