Sifa za Choo Kisafi

Shangazi mshauri, shikamoo, na uniwie radhi kwa kuanza na habari za choo, lakini ndiko aibu yangu iliko.

Mimi ni kinyozi, mwaka wa nne huu naishi na ugonjwa sugu wa figo, dawa nameza, chumvi nimepunguza, kliniki nahudhuria, na muuguzi alishaniambia mkojo ukibadilika nisingoje tarehe, nami nikaitikia kama mtu mwenye akili. Sasa wiki tatu zilizopita mkojo ukaanza kutoa povu, na povu nalijua, Shangazi, ndiyo kazi yangu, hili lilitosha kunyolea ndevu za watu wawili, nikaogopa mke wangu asilione, maana alilia sana tulipoambiwa habari za figo na sikutaka kumliza tena, basi nikamwaga sabuni ya unga nikasugua choo kizima ili povu lionekane la usafi.

Mke wangu akaingia, akatoka, akanitazama kama mgeni. Kufika jioni ndugu zake wote wanajua kwamba shemeji yao anaosha choo. Kesho yake nikaosha tena, ningefanyaje, na sasa wapangaji wenzangu hawanisalimii kwa sababu wake zao wananitolea mfano, mimi ambaye sijawahi kuosha hata kikombe changu.

Tangu juzi mambo yamezidi. Mkojo unachoma, unanibana kila mara, nikienda ni matone, na jana niliona wekundu. Nilimwacha mteja na ndevu upande mmoja, nikarudi, nikamwacha tena, akauliza kama siku hizi nanyoa kwa awamu. Nimepunguza maji ili nisitoke-toke, na nimenunua vidonge vya maumivu duka la dawa. Kliniki ni mwezi ujao. Nikisema ukweli, mke wangu atajua naumwa na pia kwamba usafi wote ule ulikuwa uongo. Nianzie wapi?

Kinyozi Msafi

JIBU

Marahaba, Kinyozi. Nimecheka, kisha nimekasirika. Kinyozi hajinyoi, na wewe unataka kujitibu kwa sabuni ya unga.

Funga saluni uende hospitali leo. Mwenye figo nzima akiona wekundu hukimbia, wewe mwenye figo za kubembeleza unangoja mwezi ujao? Waambie povu, kuchoma, wekundu, na siku kila kimoja kilipoanza. Beba na hivyo vidonge, maana dawa nyingine za maumivu huziumiza figo, na usimeze kingine mpaka waseme. Maji unywe kadiri atakavyosema daktari wako, si kadiri ya foleni ya wateja. Ukipata homa, maumivu ya ubavuni, au mkojo ukigoma kabisa, hiyo ni dharura, hata kama aliyeko kwenye kiti ni bwana harusi.

Kuhusu mkeo. Wiki iliyopita nilipata barua ya mwanamke ambaye mumewe ana ugonjwa wa figo na ghafla ameanza kuosha choo kila asubuhi. Siapi kwamba ni yeye, lakini aliandika hivi: "Namsifia kwa kila mtu, nikidhani atacheka aniambie kinachomsumbua. Hasemi. Nami naogopa kuuliza."

Nilikuwa sijamjibu. Jibu lake unalo wewe. Mwambie leo, na mwende pamoja. Na choo uendelee kuosha.